Wimbo wa Makumbi ni wa Nani

Nairobi,
28 Aprili 2025

Kwa wanachama wote wa Umoja wa Sauti Huria, Kwale.

Makomredi wa Matuga, wa Msambweni, wa Lungalunga na wa Diani. Ninyi mnaokataa sauti ya mwananchi igeuzwe bidhaa ya rafuni!

Habari hii siwezi kuiandika nikiwa nimeketi. Mnaukumbuka ule wimbo wa kupigia makumbi niliourekodi Bodo kwa simu yangu, mama yangu mdogo akiuimba shimoni, kule matopeni yanakoloweshwa makumbi, huku akiyaponda makumbi ya nazi kwa rungu ili apate nyuzi za kamba. Mnakumbuka pia waliotushauri tuuuze, na jinsi tulivyowajibu. Tuliuweka mtandaoni chini ya leseni huria: yeyote na aunakili, auimbe, hata aubadilishe, kwa sharti kwamba amtaje mwenye wimbo na asiufanyie biashara. Anayetaka biashara arudi kwa mwenye wimbo, aombe ruhusa ya pekee. Na pale palipotakiwa jina la mwenye wimbo, sikuandika jina la mtu. Niliandika: Wananchi wa Bodo.

Leo yule anayetaka biashara amerudi! Kampuni ya filamu imeusikia wimbo, imeupenda, na filamu yake ni ya kuuzwa. Imesoma leseni yetu na kugundua kwamba haiwezi kuugusa bila idhini. Idhini ya nani? Si ya mtu mmoja ambaye angefungiwa chumbani akarubuniwa kwa chai na tabasamu. Ni ya kijiji kizima! Kwa mara ya kwanza wenye kamera na mawakili wataketi mkekani mbele ya wavuvi na wapiga makumbi, na wataomba.

Tumetukanwa kuwa waota ndoto. Basi ndoto hiyo imepiga hodi Bodo, na wanaofungua mlango ni wananchi.

Mwenzenu katika mapambano,
Ummi Mbwana, Katibu


Bodo,
9 Mei 2025

Mwanangu Ummi,

Marahaba, na salamu zangu zikukute na afya. Mamako nilimwona Msambweni, ni mzima alhamdulillahi, ila analalamika kwamba humkumbuki mpaka mtihani ukaribie utake dua.

Nakuandikia kwa karatasi, nampa Twaiba wa hapa jirani aipeleke kwenye basi Ukunda, kwa sababu simu yangu huchajiwa kwa shemeji yangu Swabir, na Swabir husoma kila kiingiacho. Nawe nijibu kwa njia hii hii.

Wageni wa filamu walikuja. Walitandikiwa mkeka kwenye banda la samaki. Kijana wao anaitwa Abdulaziz, mtu wa Mombasa, ana adabu, alivua viatu kabla hajaambiwa. Swabir, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa wavuvi, akasimama kutusemea sote. "Wimbo huu," akasema, "tumeachiwa na mababu zetu."

Mzee Fondo akamkata: "Mababu gani, Swabir? Mimi ni mzee kuliko banda hili, na wimbo wenyewe nimeusikia juzi juzi arusini."

"Basi ni mababu waliochelewa, yakhe. Niache nimalize."

Watu walicheka hata wageni. Abdulaziz akaeleza kwamba wanautaka kwa arusi iliyomo kwenye filamu. Bibi arusi anatolewa nje na watu wanapiga makofi. Kila mtu aliona ni sawa, maana tangu mlipoueneza, hapa kwetu pia huimbwa arusini. Mdundo wake ni wa haraka, unapigika.

Mimi nilikaa nyuma, nikatoka kabla ya dua. Nilikuwa na kazi.

Nina swali dogo kwako wewe unayesomea sheria. Jina mliloliandika kwenye leseni laweza kubadilishwa? Nauliza tu.

Mama yako mdogo,
Mwanarusi


Nairobi,
15 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, na swali lako dogo limenikosesha raha.

Nani amekutuma uulize hivyo? Nayajua mambo haya. Wanakuja wageni, kijiji kinasimama kama ukuta, kisha anatafutwa mmoja wa kunong'onezwa: "Kwani sauti si yako? Kwa nini usiandikwe wewe peke yako?" Hivyo ndivyo ardhi yetu ilivyokatwa vipande, hati baada ya hati, jina baada ya jina, mpaka mtoto wa Diani anauliza njia ya kwendea ufukweni. Hawakuanza na bunduki, walianza na jina moja kwenye karatasi moja!

Sauti ni yako, silikatai hilo, na nani aliye nayo kama hiyo? Lakini siku ile nilipokuuliza wimbo ni wa nani, ulinijibu mwenyewe, "Wa watu tu." Nililishika neno lako. Juu ya neno hilo nimejenga hoja ambayo wenzangu wa hapa chuoni wanaitaja mikutanoni. Ukilibadilisha leo, tutasema nini?

Kwa hiyo jibu la kisheria ni kwamba jina laweza kubadilishwa, iwapo waliotajwa watakiri mbele ya watu kwamba wimbo si wao. Jibu la dhamiri ni kwamba halipaswi. Simama na wenzako, mama mdogo. Mtu hawi mpweke akiwa na watu wake.

Hapa mvua haikatiki. Niliyekuwa nikikaa naye chumbani amehama. Anasema siwezi kuzungumza bila kuhutubia. Kitanda chake nimekijaza vitabu.

Wako,
Ummi


Mombasa,
27 Mei 2025

Kwa Bi Ummi Mbwana,

Assalamu alaikum. Mimi ni Abdulaziz, msaidizi wa mtayarishaji wa filamu. Nashukuru kwa maelezo uliyotupa mwanzoni. Bila wewe tungepotelea kwenye mikoko ya Bodo tukimtafuta mtu anayeitwa Wananchi.

Kijiji kimekubali. Kilichobaki ni kutia sahihi, Jumamosi tarehe 21 Juni, palepale bandani. Tunaomba nawe utie sahihi ukiwa uliyerekodi.

Kwa uaminifu nikueleze jinsi tutakavyoutumia. Beti la kwanza, lile la "nafagia ua asubuhi, nyayo si zako," mwongozaji ameliondoa kwa kuwa halifai arusini. Atabakiza mdundo na kiitikio, na waigizaji wataongeza vigelegele. Mwishoni mwa filamu tutaandika kama leseni inavyotaka: Wananchi wa Bodo.

Kuna jambo ambalo halinihusu, nisamehe nikilitaja. Nilipowachezea rekodi siku ile, kila mtu alipiga makofi ila mama mmoja aliyekaa nyuma. Beti la kwanza lilipokwisha, alijitanda buibui akatoka. Nilitaka kumuuliza jina, Bwana Swabir akaniambia, "Huyo mwache, ana yake." Nikamwacha. Lakini sauti ya kwenye rekodi na sauti ya mama yule alipotuitikia salamu, mimi masikio yangu hayakuona tofauti.

Wako katika kazi,
Abdulaziz


Nairobi,
30 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Safari hii sihutubii, nauliza, nawe nijibu bila kuniogopa.

Ile "nyayo si zako", nyayo za nani? Kwa nini ulitoka bandani? Na siku ile uliponiambia wimbo ni wa watu tu, ulikuwa ukijibu swali langu, au ulikuwa ukitaka niende zangu?

Watu wa filamu watalikata beti la kwanza na kutia vigelegele. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka uso wako ukiwa umeliinamia gogo la kupondea makumbi, na nikatambua kwamba katika muda wote huo nilikuwa nikitazama simu.

Ummi


Bodo,
5 Juni 2025

Mwanangu Ummi,

Marahaba. Kesho ni Idd, nyumba imejaa watoto wa Swabir, nami nimejificha jikoni niandike.

Nyayo ni za mume wangu Abdurahman. Ulikuwa mdogo alipoondoka kwenda kufanya kazi kwenye meli za ng'ambo. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila wiki, kisha mara mojamoja, kisha simu yake ikawa haiiti. Hakuna aliyeniletea habari ya kifo wala ya talaka. Ndugu zake, Swabir akiwemo, hawataki asomewe hitma kwa sababu, wanasema, mtu hafanyiwi matanga akiwa hai. Wala hawataki niseme namngoja, kwa sababu ni aibu kwao kwamba aliye hai hakurudi. Basi nakaa katikati. Nafagia ua. Ndiyo kazi niliyobaki nayo katika nyumba ile, kufagia ua wake.

Wimbo nimeutunga mimi, kidogo kidogo, kwa kusikiliza rungu. Mdundo ni wa haraka kwa sababu makumbi hayapigwi polepole, yatakauka. Si furaha ile.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukufundishwa, maana ulipelekwa bweni ungali mtoto. Sisi wanawake tuna mashimo yetu pale matopeni, kila mtu na shimo lake, na yako karibu karibu. Anachokiimba mtu akiwa juu ya shimo lake, mwenzake wa jirani hakisikii. Anakisikia, lakini hakisikii. Hakiulizi, hakirudii, hata wakigombana siku moja hamtupii usoni. Ndiyo heshima yetu. Wengine humsema mama mkwe, wengine humlilia mtoto. Mwanapili ameimba pembeni yangu miaka mingi mambo ambayo nikikutana naye kisimani siyajui.

Wewe ulikuja na simu yako ukayasikia. Ulipouliza wimbo ni wa nani, ningesema nini? Nikasema wa watu. Na ulipoandika Wananchi wa Bodo nilishukuru, wallahi, nilijificha humo kama mtu aliye ndani ya buibui.

Ila siku ya arusi ya Twaiba waliuimba. Wanawake wa mashimoni walinyamaza, lakini wengine wote, pamoja na wageni wa Msambweni, walipiga makofi: nyayo si zako, nyayo si zako! Nami nilipiga makofi. Ningefanyaje? Nilirudi nyumbani nikakuta ua umejaa nyayo za waalikwa, nikaufagia.

Mwanangu, ukiwa filamu utazunguka dunia nzima na vigelegele vyake, na beti langu limetupwa. Siwezi kulikataza jambo hili nikiwa mtu asiye na jina. Nataka niandikwe. Nikishaandikwa, nitasema utumiwe vipi.

Swabir atasema nimeota. Wanawake wa mashimoni wanajua, lakini siwezi kuwaomba waseme walichokisikia; ni kuwavua nguo. Wewe peke yako ulisikia bila kufungwa na heshima hiyo. Njoo tarehe 21 useme.

Mwanarusi


Nairobi,
12 Juni 2025

Mama mdogo,

Shikamoo, na Idd njema iliyopita.

Tarehe 21 ndiyo siku ya mkutano mkuu wa wanafunzi wa Umoja wetu. Jina langu limo kwenye mabango, wenzangu wamelala chini ya ubao wa matangazo wasije askari wa chuo wakayabandua. Nikikosekana watasema nimenunuliwa, na katika harakati zetu neno hilo halifutiki.

Nimeandika hati ya kiapo na wakili ameigonga muhuri. Imeeleza kila kitu: mahali, saa, kwamba ulikuwa peke yako, kwamba sijausikia popote kabla yako. Kisheria inatosha. Aisome Abdulaziz kwa sauti, na Swabir hatakuwa na la kusema.

Nisamehe. Niko nawe kwa kila njia ila kwa mwili.

Ummi


Bodo,
16 Juni 2025

Mwanangu,

Hati nimeipokea. Ina muhuri mzuri.

Lakini Swabir atasimama aulize, "Alijuaje kama ni wake?" na karatasi itanyamaza. Nami nitanyamaza, unanijua. Usijilaumu. Nimezoea kuweka sahani na mtu asije.

Mwanarusi


Bodo,
20 Julai 2025

Mwanangu Ummi,

Salamu nyingi. Ile tarehe 21 ulipanda basi jioni ileile bila hata kunywa chai, sikupata kukushukuru. Nasikia wenzako wa chuo wamekutoa katika ukatibu kwa kuuacha mkutano wao. Mamako amelia. Mimi nimekuombea.

Kila siku naikumbuka siku ile. Nilikuona ukiingia bandani na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikadhani utatuhutubia hadi magharibi. Swabir naye alidhani hivyo, akasema, "Haya, mheshimiwa amefika, leteni maji."

Ukacheka na wengine. Kisha akakuuliza kama nilivyosema: "Ulijuaje kama ni wake? Si mtu huimba wimbo wowote akifanya kazi?"

Ukamjibu, "Baba mdogo, alikuwa akiutafuta. Mstari wa tatu aliujaribu akauacha, akaujaribu kwa maneno mengine akauacha, mpaka ukamkubali. Nilidhani amesahau. Lakini wimbo wa mababu mtu hautafuti, anaukuta."

Ukaketi. Sijawahi kukusikia ukisema maneno machache kiasi kile. Mzee Fondo akasema, "Basi, Swabir, mababu zako wameondoka." Swabir hakucheka, ila alitazama chini, akasema polepole kwamba kama ni wa shemeji yake basi na uandikwe hivyo. Hakunitazama. Tangu siku ile hajaisoma tena simu yangu.

Uliondoka kabla Abdulaziz hajaniuliza. Akasema, "Bi Mwanarusi, sasa ruhusa ni yako. Tuutumie au tusiutumie?" Nikamwambia waweke beti la kwanza, waondoe vigelegele, wautoe arusini. Akatoka nje kumpigia mwongozaji, tukamsikia akibembeleza. Akarudi akasema kuna mahali katika filamu mwanamke anabaki peke yake nyumbani, wimbo utakaa hapo. Nikatia sahihi. Filamu itaandika: umetungwa na kuimbwa na Mwanarusi, Bodo. Kwa wengine wote wasiofanya biashara umebaki huru kama mlivyouweka, ila sasa watataja jina langu. Sikutaka kuwanyima watu.

Basi nimeshinda, mwanangu, na ningekoma hapa. Lakini wewe ndiwe niliyebaki naye wa kumwambia.

Hawauimbi tena. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na arusi kwa kina Mwanapili. Msichana mmoja akaanza, "Nafagia ua..." Mwanapili akamgusa begani, naye akanyamaza, wakageukia wimbo mwingine. Hakuna aliyenikasirikia. Walinipakulia pilau, wakanisogezea mto nikae vizuri. Ila sasa wote wanajua kwamba ule ni wimbo wa shimoni na ni wangu, na wimbo wa shimoni hausikiwi. Watoto wamekatazwa kuucheza kwenye simu. Nikipita, mtu huupunguza sauti mpaka nipite. Ni heshima ile, Ummi. Siwezi kumlaumu mtu.

Zamani waliuimba bila kunijua. Sasa wananijua, na nauimba kazini peke yangu. Jana nikiwa juu ya gogo niliuimba kwa sauti kubwa makusudi. Mashimo ya pande zote yalikuwa na watu, na hakuna aliyeinua kichwa.

Mama yako mdogo,
Mwanarusi


Nairobi,
5 Agosti 2025

Kwa waliosalia katika Umoja wa Sauti Huria, Kwale.

Makomredi, wachache mliobaki, mnaozifungua bado barua zangu!

Nimeambiwa niliuacha umma kwa ajili ya mtu mmoja. Ni kweli, na nikirudishwa siku ile nitauacha tena. Umma usioweza kumtazama usoni mtu wake mmoja ni umati tu, na umati nimekuwa nao mwaka mzima. Nikishuka jukwaani narudi chumbani kwenye kitanda cha vitabu.

Tulidai kwamba leseni yetu ni huru kuliko zote. Tulimpa ruhusa kila mtu duniani, na hatukujua kwamba Bodo kulikuwa na sheria nyingine, isiyoandikwa, inayomkataza jirani kusikia mpaka mwenye wimbo aseme kwa kinywa chake kwamba anaruhusu asikiwe. Ruhusa hiyo hakuna kampuni iliyoiomba, wala sisi hatukuiomba, na kwa kukosekana kwake wimbo unaosafiri kwenda katika majumba ya filamu umenyamaza katika kijiji chake. Nimemuuliza mama yangu mdogo kama yuko tayari kuitoa. Jana amejibu kwa mstari mmoja: atawaambia wanawake wa mashimoni, mbele yao, juu ya shimo lake mwenyewe, kwamba wimbo huu wausikie. Anaogopa kwamba hatakuja mtu wa kuambiwa.

Kwa hiyo nawaiteni. Msije na mabango, msije na vipaza sauti, na hotuba yangu sitaileta. Kila mmoja aje na rungu la kupigia, avae nguo asizozionea uchungu, kwa kuwa tope la pale humfika mtu magotini. Wanaume mtakaa juu, kwenye mikoko, mpaka mwitwe. Mwanapili amepelekewa salamu. Hajasema atakuja, wala hajasema hatakuja. Atakayekuwa na haya ya kuimba na apige tu. Kitakachotakiwa kwetu ni kuinua vichwa.

Tunakutana Bodo, kwenye mashimo ya makumbi, Jumamosi tarehe 23 Agosti, maji ya bahari yakiwa yametoka: saa nne kamili asubuhi. Hatutangoja tuwe wengi.

Ummi Mbwana, mwanachama